Sanduku Lililorudi Safi

Asubuhi katika mtaa wetu wa Walukuba huanza na ufagio. Kabla sijafungua macho nausikia ufagio wa Mama Bruhan ukipita uani, polepole, kama mtu anayechana nywele za mtoto aliyelala. Kisha harufu ya chai inaingia dirishani, na upepo wa ziwa unaingia nyuma yake.

Nyumba zetu ni za zamani. Zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, na mimi nilikuwa mmoja wao. Miaka kumi na minane nilisimama mbele ya mashine ya kufuma nguo. Kazi yangu ilikuwa kutazama nyuzi. Uzi ukikatika, niliuunga haraka, na nguo ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku hizi siendi tena kiwandani, lakini vidole vyangu bado vinalikumbuka fundo lile.

Jina langu ni Rahmah. Watoto wa hapa huniita Jaja, maana yake bibi. Naishi na mjukuu wangu, Nakisige, mwenye miaka minne. Mama yake ni binti yangu Madina. Madina anafanya kazi Mbale, katika kiwanda cha magodoro. Kutoka hapa mpaka Mbale ni safari ya saa tatu, wakati mwingine nne. Huja nyumbani mara moja kila miezi miwili. Siku nyingine hupiga simu saa saba mchana, wakati wa mapumziko yake ya chakula.

Simu hizo zilikuwa fupi.

"Nakisige, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Posho." Ndivyo tunavyouita ugali.

"Umeoga?"

"Ndiyo."

Kisha Nakisige alinirudishia simu na kwenda kucheza. Mtoto wa miaka minne hajui azungumze nini na simu. Upande wa pili Madina alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Haya, mama. Bora amekula." Mimi niliujua ukimya ule. Ulikuwa ukimya wa mtu anayeogopa kusahauliwa.

Asubuhi akina mama wengi wa mtaa wetu huenda sokoni au viwandani. Watoto ambao hawajaanza shule hubaki barazani kwangu. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Mama mmoja aliniomba nimwangalizie mtoto wake siku moja, na siku moja ikawa miaka. Huniletea ndizi, au makaa, au kipande cha sabuni. Mama Bruhan hunijazia jerikeni ya maji bila kuniambia. Naikuta imejaa tu.

Siku moja akaja mwanamke kijana kwa pikipiki. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga sanduku la plastiki kwa mpira mweusi. Alisema jina lake ni Night, na anatoka Mbale. Yeye na wenzake hujitolea. Wanaazima masanduku ya vitabu kwa nyumba ambako watoto wadogo hukusanyika. Hakuna anayelipa wala anayelipwa. Wanachotafuta ni mtu mmoja atakayekubali kuwasomea watoto kwa sauti.

"Nimeambiwa hapa kuna Jaja anayejulikana na kila mtoto," alisema.

"Watoto wapo," nikamjibu. "Lakini mwanangu, mimi nasoma polepole. Nilijifunza nikiwa mtu mzima, katika darasa la akina mama, jioni baada ya kazi. Mpaka leo naweka kidole chini ya neno."

"Polepole ni vizuri, Jaja. Watoto nao hutazama picha polepole."

Sandukuni mlikuwa na vitabu thelathini. Vingine vilikuwa vya Kiswahili, vingine vya Lusoga, vingine vya Kiingereza. Night alisema atarudi baada ya miezi mitatu. Alikuwa na haraka, maana wingu la mvua lilikuwa linamfuata.

Hapa ndipo nilipokosea. Nitaeleza jinsi nilivyokosea, kwa sababu nadhani siko peke yangu.

Mimi nililelewa hivi. Jirani akikuazima sufuria, unaisugua kwa majivu mpaka ing'ae kuliko alivyokupa. Tena hurudishi sufuria tupu. Unatia ndani vitunguu viwili, au ndizi, au karanga za kujaza kiganja. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake pia.

Basi nilivipokea vitabu vile kama sufuria mpya ya jirani. Kila kimoja nilikivika mfuko wa nailoni, ule tunaouita kavera. Nikavipanga kabatini, rafu ya juu, karibu na vikombe vya sikukuu ya Idi. Nikafunga kabati kwa ufunguo. Ufunguo nikaufunga kwenye ncha ya leso yangu.

Kila Jumamosi nilitoa kitabu kimoja. Watoto walikaa mkekani, mbali kidogo. "Mikono mapajani," niliwaambia. Mimi nilikaa kitini, nikakifungua kitabu mbele ya uso wangu, nikasoma mwanzo hadi mwisho. Kama kilikuwa cha Kiingereza nilisoma Kiingereza, ingawa nusu yake sikuielewa mwenyewe. Watoto waliona jalada tu, na vidole vyangu. Haikuchukua muda Bruhan akaanza kufuatilia sisimizi ukutani. Wengine walisinzia.

Nakisige peke yake aliendelea kutazama. Siku moja alinyoosha kidole akaigusa kavera.

"Usiguse," nikamwambia.

"Jaja, kitabu kinaumwa?"

"Kwa nini kiumwe?"

"Kinalala siku zote. Umekifunika. Na hakitoki nje."

Nilicheka. Mama Bruhan alikuwa anaanika nguo, naye akacheka. "Muulize Jaja kama kabati lake ni benki," alisema. "Hata benki yenyewe inafunguliwa kila siku."

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi ya kurudi kwa Night nililiosha sanduku kwa sabuni mpaka likawa jeupe. Nilivipanga vitabu vyote thelathini mkekani, na kavera zikameremeta juani. Niliweka pia fungu la ndizi pembeni. Nilikuwa nangoja kusifiwa.

Night alikaa chini. Alichukua kitabu kimoja, akakivua kavera, akakifungua. Kurasa zilikuwa zimeshikana kama kitabu kinachotoka dukani. Akachukua cha pili. Akachukua cha tano. Kisha akaniomba maji ya kunywa. Aliyanywa polepole mpaka bilauri ikawa tupu. Sasa najua kwamba alikuwa anatafuta maneno ambayo hayataniumiza.

"Jaja, umevitunza sana," alisema.

"Ni vitu vya watu, mwanangu."

"Lakini watoto hawajavishika."

"Wangevirarua."

"Ndiyo. Kidogo wangevirarua." Alikiweka kitabu mapajani. "Sanduku likirudi safi namna hii, huwa tunalipeleka nyumba nyingine. Kuna nyumba nyingi zinasubiri. Hatufanyi kwa ubaya, Jaja. Kitabu safi kinatuambia kwamba watoto bado hawajakipata."

Nilisikia joto usoni, kama siku ile msimamizi wa kiwanda alipoona uzi uliokatika kabla sijauona mimi. Nakisige alikuwa amechuchumaa kando ya sanduku tupu. Alikuwa ameingiza mkono wote ndani, kama mtu anayepima kina cha maji. Hakujua tunazungumza nini.

"Unalichukua leo?" nikauliza.

Night alimtazama mtoto. "Leo nina mizigo mingi," alisema, ingawa pikipiki yake haikuwa na kitu. "Nitarudi baada ya mwezi mmoja. Nikivikuta hivi hivi, itabidi nilichukue. Lakini je, una sababu yoyote ya kwenda Mbale?"

"Binti yangu yuko Mbale. Anafanya kazi kwenye magodoro."

"Basi huko viwandani kuna Mzee Wamboga. Naye ana sanduku letu. Nenda ukamtazame tu anavyofanya."

Alipoondoka, mchana ulikuwa mzito. Watoto walilala mkekani mmoja mmoja, nami nikasinzia kitini. Niliota kabati langu linapumua. Mlango wake uliingia ndani na kutoka, ndani na kutoka, kama kifua cha mtoto. Nilitaka kulifungua, lakini ncha ya leso yangu ilikuwa na mafundo mengi, na kila nilipofungua moja nilikuta jingine. Niliamka mkono wangu umeushika ufunguo.

Alhamisi iliyofuata nilimchukua Nakisige tukaenda Mbale. Alilala mapajani kwangu karibu njia nzima. Aliamka tulipokuwa tunakaribia mji, akaona mlima. Wanale ulikuwa umejifunika wingu mpaka mabegani. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na maporomoko ya maji yalining'inia kwenye mwamba, membamba na meupe. Kwa mbali yalifanana na nyuzi za mashine yangu ya zamani. Nikajikuta natazama kama kuna uliokatika.

"Mama anakaa ndani ya wingu?" Nakisige aliuliza.

"Chini yake kidogo," nikamwambia.

Tulifika eneo la viwanda kabla ya saa saba. Mzee Wamboga tulimwona kabla ya kuuliza. Zamani alikuwa mlinzi wa geti. Sasa amestaafu, lakini bado hukaa kwenye kivuli cha ukuta ule ule. Akina mama wa viwandani humwachia watoto wao hapo. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa kamba. Watoto kumi hivi walikuwa wamemzunguka kama vifaranga. Mtoto mchanga alikuwa gotini kwake. Alikuwa anatafuna kona ya kitabu.

Nilinyoosha mkono kukiokoa. "Mzee, mtoto anakula kitabu."

"Anaonja," alisema Mzee Wamboga bila kuinua kichwa. "Ana miezi tisa. Hivyo ndivyo anavyosoma kwa sasa. Akikua ataacha."

"Na wewe hukasiriki?"

"Mama, nimekuwa mlinzi miaka thelathini. Nimekataza watu vya kutosha."

Nilikaa kwenye gunia nikamtazama, kama nilivyoambiwa. Alikuwa na sheria moja. Kando yake palikuwa na jerikeni yenye tundu na kipande cha sabuni, na kila mtoto alinawa mikono kwanza. Baada ya hapo vitabu vilikuwa vyao. Alikishika kitabu kurasa zikiwa zimewaelekea watoto, na kila ukurasa ulifunuliwa na mtoto tofauti.

"Mnaona nini?" aliuliza.

"Kuku."

"Kuku amekasirika," alisema mwingine.

"Kwa nini amekasirika?"

"Mvua inamnyeshea. Hana kofia."

"Kofia yake iko wapi?"

Hakuna aliyejua. Wakafunua ukurasa ili kuitafuta. Watoto walijibu kwa Lumasaba, kwa Kiswahili, kwa Ateso, na mzee alimjibu kila mmoja. Nilichungulia maneno ya kitabu. Yalikuwa ya Kiingereza.

"Kumbe unajua Kiingereza," nikasema.

"Cha getini tu. Simama, ingia, weka sahihi hapa." Alichekea puani. "Natazama picha, nawasimulia kwa lugha wanayoota nayo. Kikiwa cha Kiswahili au cha kwetu, hapo nasoma maneno."

Kitabu kilipoisha, watoto walisema, "Tena." Alisoma tena. Kilipoisha mara ya pili wakasema, "Tena."

"Hawataki kingine?" niliuliza.

"Kingine kesho. Mtoto akishajua kinachokuja ukurasa wa mbele, anajiona mkubwa. Mwache awe mkubwa."

Nakisige alikuwa amesogea taratibu mpaka akafika mbele. Aliliangalia jalada. "Nasi tunacho hiki," alimwambia mzee. "Kiko kabatini."

Alikuwa anakijua kwa jalada. Kuku wa ndani hakuwahi kumwona. Mzee Wamboga alinitazama kidogo, kisha akaitazama barabara, ili nisione aibu. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Nyuma yake palikuwa na boksi dogo lenye vitabu vilivyochanika. "Hao ni wagonjwa," alisema. "Mimi sijui kushona. Nabandika kwa selotepu, mvua ikija inaachia."

Nilimwomba sindano na uzi mgumu. Mama mmoja aliyeuza chai hapo jirani alivitoa kwenye kikapu chake, na chai akanipa bila kuuliza. Nikamshona mgonjwa wa kwanza katikati ya mgongo wake. Vidole vilikumbuka. Nikafunga lile fundo la kiwandani, dogo, lisilosumbua mkono unapofunua ukurasa. Mzee Wamboga alikigeuza kitabu huku na huku.

"Mama, hili fundo lingefunga hata geti," alisema.

Saa saba king'ora kililia, na Madina akatoka. Vipande vya sponji vilikuwa vimenasa kwenye kitambaa chake cha kichwa, vyeupe kama maua ya kahawa. Hatukuwa tumemwambia kwamba tunakuja. Alisimama, akaweka mkono mdomoni, kisha akaketi pale pale kwenye gunia na kumpakata mwanawe. Nakisige alikuwa anamtoa maua yale kichwani, moja moja.

Mzee Wamboga alikiweka kitabu cha kuku karibu na mkono wa Madina, akaendelea na watoto wake.

Madina akasoma akiyageuza maneno kwa lugha yetu, na Nakisige akafunua. Kuku alitafuta kofia kisimani. Akaitafuta sokoni. Aliitafuta kwa shangazi yake. King'ora kikalia tena, na kurasa tatu zilikuwa zimebaki. Nilifikiri mtoto atalia.

"Na kofia je?" aliuliza.

"Nitakwambia kesho," Madina akamjibu. "Kwa simu."

"Kitabu hiki hiki tunacho nyumbani," nikasema.

Tulitazamana sote watatu. Mzee Wamboga ndiye aliyesema. "Basi kesho saa saba, yeye afungue cha kule, nawe Madina ufungue cha hapa. Mimi nitakuwekea."

Njiani kurudi nilihesabu siku. Sanduku lilikuwa limebakiza wiki tatu kwangu. Likichukuliwa, kuku angeondoka nalo, na simu ya saa saba ingerudi kuwa ya posho na kuoga.

Asubuhi niliufungua ufunguo kwenye ncha ya leso. Nilivivua vitabu kavera zote, nikavitia katika beseni pana, nikaliweka chini barazani. Mama Bruhan alisimamisha ufagio.

"Jaja, benki imevunjwa?"

"Imevunjwa."

"Na polisi wanajua?"

"Nenda kawaite. Waje na sabuni, hapa tunanawa mikono."

Watoto walinawa. Mwanzoni walisimama tu. Wao walikuwa wamezoea kukatazwa, nami nilikuwa nimezoea kukataza. Kisha Bruhan alichukua kimoja akakivuta kwa nguvu, na ukurasa ukachanika. Sauti ile ilinipita mwilini. Baraza nzima ikanitazama.

Nilivuta pumzi. "Bruhan," nikasema, "kaniletee sindano yangu."

Aliileta, macho chini. Nikamkalisha kando yangu, nikampa kazi ya kushika uzi. Tulishona pamoja. Tulipomaliza aligusa mshono, akauliza, "Amepona?"

"Amepona. Lakini usimkimbize leo."

Tangu siku hiyo Bruhan ndiye daktari. Hakuna anayefunua ukurasa kwa upole kama yeye, na anayevuta kwa nguvu humsikia kwanza daktari kabla ya kunisikia mimi.

Niliacha kungoja Jumamosi. Tulisoma kila siku, baada ya chai, kidogo tu, mpaka watoto wachoke. Nilikaa mkekani pamoja nao. Magoti yalilalamika, nikayaacha yalalamike. Mtoto wa jirani ambaye bado hajatembea nilimpakata, naye akaonja kona za vitabu viwili. Nilipofika kwenye neno gumu niliweka kidole chini yake na kulisoma taratibu, na watoto wakangoja. Wakati mwingine waliniokoa. Walishajua neno linalokuja.

Mama Bruhan alikuwa akisikiliza kutoka uani. Siku moja nilimwita.

"Mimi sikusoma, Jaja," alisema. "Unanitakia aibu mbele ya mwanangu."

"Picha unaziona?"

"Picha naziona."

"Basi kaa."

Alikaa. Alichukua kitabu cha mbuzi, akawasimulia kwa Lusoga, na mbuzi yule akawa mwizi wa mihogo anayefanana na mtu fulani wa mtaa wetu, hadi watoto wakaviringika kwa kicheko. Siku ya tatu aliniuliza neno lililokuwa chini ya mbuzi linasema nini. Nikamwonyesha. Alilitazama kwa muda, kisha akalifuata kwa kidole, herufi kwa herufi.

Na kila saa saba simu ililia. Niliiweka ndani ya sufuria tupu ili sauti iwe kubwa, na watoto wote wakaizunguka sufuria kana kwamba kuna chakula.

"Mama, umefungua?" Nakisige aliuliza.

"Nimefungua."

"Uko kwenye mvua?"

"Niko kwenye mvua."

"Haya, soma."

Madina alisoma Mbale, na ukurasa ulifunuliwa Walukuba. Mchana ulikuwa wa joto, upepo wa ziwa ukipita juu ya vichwa vya watoto, na sauti ya binti yangu ikipanda kutoka ndani ya sufuria. Kuna siku nilifumba macho na sikuweza kusema kama yuko mbali au yuko jikoni. Kuku alipoipata kofia yake ilikuwa imejaa vifaranga, akaamua kulowa. Watoto walisema, "Tena." Simu haikuwa fupi tena. Siku moja Nakisige alisema, "Leo nakusomea mimi." Alisoma kwa kukumbuka, hakuruka kitu, hata pale mama yake anapokohoa naye alikohoa. Ukimya uliofuata upande wa pili haukuwa ule wa zamani.

Mwezi ukaisha. Jioni ya kabla ya Night kuja nilivitazama vitabu nikasikitika. Kimoja kilikuwa na mafuta. Kingine kilinuka samaki. Saba vilikuwa na mshono wangu mgongoni. Kona mbili hazikuwepo, na najua ziko tumboni mwa nani. Nilielewa vizuri alichoniambia Night. Hata hivyo mkono uliolelewa na mama yangu ulikuwa unatafuta majivu ya kusugulia.

Jambo moja niliweza kulifanya. Kwa siku nne tulikuwa tumetengeneza kitabu chetu. Tulikata boksi la sabuni. Watoto walichora kwa makaa na kalamu za rangi. Nakisige alisema maneno, nami nikayaandika kwa herufi kubwa. Kuku alipanda mlima Wanale akaingia ndani ya wingu, akamkuta mama anafunua kurasa. Nilikishona kwa lile fundo. Nikakiweka sandukuni, juu ya vingine.

Night alifika saa tano asubuhi. Alikaa chini, akafungua sanduku, akavitoa kimoja kimoja. Alipapasa mishono. Alinusa.

"Hiki kinanuka samaki," alisema.

"Baba yake Bruhan huuza samaki kule Masese. Hukishika mwenyewe jioni, akimsomea mtoto."

Night aliendelea kuhesabu kwa sauti ndogo, mpaka akafika thelathini, na mkononi mwake kilikuwa kimebaki kimoja. "Hiki si chetu, Jaja."

"Mlituazima chombo," nikasema. "Sikuweza kukirudisha kitupu."

Night alikigeuza kitabu cha boksi la sabuni kikawaelekea watoto. Akakisoma chote kwa sauti, polepole, na Bruhan akamfunulia kurasa. Alipomaliza alikwenda kwenye pikipiki yake. Sanduku jingine lilikuwa limefungwa pale kwa mpira mweusi.

"Nilikuja nalo," alisema, "bila kujua kama litashuka." Akalishusha. "Lile la zamani linakwenda Bugembe, kwa mama mmoja anayeogopa vitabu vitachafuka. Nitamwonyesha mishono hii. Na hicho cha thelathini na moja kitakwenda nalo."

Nakisige alikuwa amekikumbatia kitabu cha kuku. Tulimwacha. Baada ya muda alikiweka sandukuni mwenyewe, akaifunika vizuri ile kofia yenye vifaranga kwa jalada.

Night alichuchumaa mbele yake, akatoa kitabu kutoka sanduku jipya. Kilikuwa cha tembo anayefua nguo. "Hiki kina ndugu yake pacha," alimwambia. "Leo asubuhi nimempelekea Mzee Wamboga."

Saa saba simu ililia. Niliiweka ndani ya sufuria. Watoto walisogea, magoti kwa magoti, na Mama Bruhan akaacha kufua akaja na povu mkononi. Nakisige alikuwa ameketi na kitabu kipya mapajani, bado hajakifungua.

"Nakisige," sauti ya Madina ilisema kutoka ndani ya sufuria, "ninacho hapa. Tuanze?"

"Ngoja, mama," alisema Nakisige. "Nawa mikono kwanza."

Tukangoja, sote, tukisikiliza maji yakimwagika Mbale.